Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi, Tabibu wa Majaraha

Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi barazani na wenzetu, kitabu kimefunuliwa mbele yetu, mara tukasikia kishindo kikubwa njiani. Kijana mmoja aliyekuwa juu ya pikipiki alikuwa amegongwa na gari, na kipande cha bati kimemkata paja. Damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo, kama maji ya mfereji uliopasuka. Watu walikusanyika kwa wingi na kelele zikazidi. Mmoja alimletea maji ya kunywa, mwingine akakimbilia dukani kutafuta unga wa kahawa wa kulimwagia jaraha, wa tatu akawa anagombana na mwenye gari. Na sisi, tunaojua kwa moyo faradhi za udhu na nguzo za sala, tulisimama pale mikono imeanguka, hatujui la kutenda.

Aliyemwokoa kijana yule, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitoka sokoni. Zamani alipata kufanya kazi ya uuguzi. Aliweka kikapu chake chini, akatoa kanga, akaikunja, akaitia juu ya jaraha na kuikandamiza kwa mikono yake miwili kwa nguvu zake zote, wala hakuinyanyua hata mara moja kutazama, mpaka walipofika hospitali. Kijana yu hai, na leo anakwenda kwa miguu yake.

Usiku ule usingizi ulitupotea. Si kwa khofu ya damu, bali kwa haya. Kwani jambo alilolitenda mama yule limeandikwa waziwazi katika kitabu cha Kiarabu kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, na aliyeliandika ni Mwislamu, mwana wa Waislamu. Jina lake huwa twalitaja kwa fakhari kila tunapotaka kuwaonyesha watu utukufu wa wazee wetu, lakini aliyoyafundisha hatukushughulika nayo. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza ndugu zetu wasomaji khabari za mtu huyo, si kwa kujifakhiri naye, bali ili tujue alivyojifunza, na sisi tujifunze.

Mtu huyu ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Nasaba yake yanasibishwa na Ansari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume, sala na amani zimshukie. Watu wa Ulaya walilipotoa jina lake wakamwita Abulcasis. Alikuwa mtu wa Andalusi, nchi ambayo leo ni Spain, katika zama ambazo mji wa Kurtuba ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya ulimwengu kwa ilimu na utajiri. Mwaka 936 Khalifa Abdurrahman wa Tatu alianza kujenga mji mpya karibu na Kurtuba, upande wa magharibi, akauita Az-Zahra. Aghlabu ya wanavyuoni waandikao tarehe huweka kuzaliwa kwa Abul-Qasim karibu na mwaka huo huo, na jina la mji huo ndilo alilojulikana kwalo mpaka leo.

Alisoma kama walivyosoma matabibu wa zama zake. Vitabu vya Wayunani, kama vya Hippocrates na Galen, vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, na vitabu vya Ar-Razi vilikuwa vimefika Andalusi. Yeye alivisoma vyote hivyo kwa bidii. Lakini tofauti yake na wengi ni kwamba hakukoma kujifunza alipofunga kitabu. Alifanya kazi ya utabibu kiasi cha miaka khamsini, na katika muda wote huo kila mgonjwa alikuwa kwake ni somo. Ukisoma maneno yake wamwona mzee wa makamo makubwa ambaye bado yuko darasani.

Katika siku zake, tiba ya mkono, yaani kupasua, kushona majaraha na kuunga mifupa, ilikuwa imeshuka daraja katika nchi yake. Waliosoma waliidharau, na walioishika aghlabu hawakusoma. Jambo hili lilimhuzunisha sana. Alieleza kuwa sababu ya uhaba wa mafundi wazuri ni kuwa ilimu hii ni ndefu, na mwenye kuitaka hapana budi ajue kwanza viungo vya mwili vilivyo ndani: mishipa inapita wapi, mifupa imeungana vipi, neva zaanzia wapi na zaishia wapi. Asiyejua hayo akishika kisu, kwa maoni yake, huyo ni mwenye kuua watu.

Wala hakusema hayo kwa kukisia. Aliwaeleza wanafunzi wake makosa aliyoyaona kwa macho yake. Alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke, akaikata mishipa ya damu asiyoijua, na mwanamke yule akafa papo hapo mbele yake. Alimwona mwingine akijitia kutoa kijiwe katika kibofu cha mzee mkongwe. Akakitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakupita siku tatu. Abul-Qasim mwenyewe alikuwa amekwisha kuitwa kumtazama mzee yule, akaona ukubwa wa kijiwe na udhaifu wa mtu, akajua kwamba akipasuliwa atakufa, akajizuia. Basi kujizuia pia ni ilimu, na aghlabu ni ngumu kuliko kutenda.

Kisa cha tatu ni cha mtumishi aliyevunjika mguu karibu na kifundo, na pamoja na mvunjiko kulikuwa na jaraha. Tabibu aliyemtibu aliukaza mguu kwa vitambaa na mabanzi, akalifunika jaraha lote bila ya kuliachia nafasi ya kupumua, kisha akamwacha siku nyingi. Mguu ukavimba, na mgonjwa akawa katika khatari. Alipoitwa Abul-Qasim alifungua vitambaa mara moja, na mgonjwa akapata nafuu ya maumivu. Lakini uozo ulikuwa umekwisha kushika, wala hakuweza kuuzuia, na mtu akafariki. Hakukificha kisa hiki kwa kuwa mgonjwa alimfia mikononi. Alikiandika, ili wa baada yake wasirudie kosa lile.

Sasa tutazame mambo ya ghafla, yale yasiyongoja, ambayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Kuhusu damu itokayo katika mshipa upigao, alifundisha njia nne za kuizuia: kuuchoma mshipa kwa chuma cha moto, kuukata kabisa ikiwa umekatika nusu, kwani ukikatika wote ncha zake hujivuta na kujifunga, kuufunga kwa uzi madhubuti, au kutia dawa zenye kuzuia damu, kisha kukaza kwa kitambaa. Matabibu wengi wangeishia hapo, kwa kuwa wanawaandikia matabibu wenzao. Lakini yeye alikumbuka kuwa damu haingoji tabibu. Akaongeza kuwa ikimtokea mtu mahali pasipo na tabibu wala dawa, basi afanye haraka kuweka kidole chake juu ya mdomo wa jaraha pale damu inapotoka, akandamize kwa nguvu mpaka damu izuilike, na amiminie maji baridi sana mpaka damu igande. Naam, ndugu msomaji, haya aliyaandika kwa ajili ya mtu asiyekuwa tabibu, kwa ajili yetu sisi tuliokuwa pale barazani. Miaka elfu imepita, na mpaka leo jambo la kwanza linalofundishwa katika kila darasa la huduma ya kwanza juu ya damu nyingi ni lile lile: kandamiza, wala usiachie.

Kuhusu koo, vitabu vya zamani vilitaja kupasua njia ya pumzi kwa mtu anayekabwa na uvimbe, lakini yeye alikiri kuwa hakupata kumwona mtu yeyote katika nchi yake aliyefanya kazi hiyo. Kisha likatokea jambo. Kijakazi mmoja alishika kisu akajikata koo. Abul-Qasim akaitwa, akamkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa. Hakubabaika. Alilichungua jaraha, akaona kuwa damu iliyotoka ni chache, na mishipa mikubwa haikukatika, ila pumzi ndiyo inayotoka pale penye mkato. Akalishona upesi na kumtibu mpaka akapona, wala hakubakiwa na kitu ila kukwaruza kwa sauti, na baada ya siku chache alikuwa mzima. Hapo Abul-Qasim alipata ushahidi aliokuwa hana: kuwa kuipasua njia ya pumzi si lazima kumwue mtu. Msiba wa usiku mmoja ukamfungulia mlango wa mas'ala aliyoyasoma kitabuni bila ya kuyaona. Hivi ndivyo mwanachuoni wa kweli anavyosoma: kitabu humfahamisha la kutazama, na jambo lililotokea humfahamisha kitabu.

Mara nyingine alijikuta mbele ya mtu aliyechomwa kisu tumboni, na matumbo yametoka nje kiasi cha shubiri mbili, na saa ishirini na nne zimekwisha kupita. Matabibu walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Yeye aliyarudisha matumbo mahali pake. Na kwa kuwa alikuwa mahali pasipopatikana marhamu wala dawa yoyote, hakusema kuwa kazi haiwezekani. Alitwaa pamba kuukuu, akawa anaiweka juu ya jaraha mara mbili kila siku, na kuliosha jaraha kwa maji ya asali. Jaraha likafunga kwa muda wa siku kama kumi na tano, na mtu yule akaishi baada ya hapo miaka mingi katika siha. Kwa hakika mwenye ilimu hafungwi na upungufu wa vyombo, lakini asiyekuwa na ilimu hata ukimpa ghala ya dawa hatajua aanzie wapi.

Andalusi ilikuwa nchi ya vita, na mishale ilikuwa maradhi ya kila siku. Alitoa mshale katika tundu la jicho la Myahudi, na jicho likasalimika. Alitoa mshale uliozama katika koo la Mnasara, akapasua taratibu baina ya mishipa mikubwa ya shingo mpaka akautoa, na mtu akaokoka. Alimwona mwingine ambaye mshale ulimwingia mgongoni, jaraha likafunga juu yake, na baada ya miaka saba mshale ukatokea upande wa chini. Alipotaja visa hivi alisema kuwa amevitaja ili tabibu ajue kuwa kila jaraha lina tabia yake, na kwamba hakuna kitabu kiwezacho kukusanya kila litakalotokea. Mwenye kujua hukisia lililoghibu kwa lililopo. Na tazama, ndugu yetu, hakuuliza dini ya mtu kabla ya kumtoa mshale.

Hata mambo madogo hakuyadharau. Sisi watu wa pwani tunaokula samaki kila siku twajua taabu ya mwiba ulionasa kooni. Yeye aliufikiria: hufungwa kipande cha sifongo la baharini kwa uzi madhubuti, mgonjwa akakimeza, na kinapofika penye mwiba huvutwa upesi ili mwiba ushikamane nacho. Aliandika pia mlango wa kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mzazi pale mtoto anapokuja vibaya, hatangulizi kichwa. Mambo haya wengine waliyaona ni ya wanawake, hayastahili wino. Yeye aliona kuwa roho mbili zinangoja.

Lakini jambo lililotupendeza kuliko yote ni lile ambalo hakulijua. Alikuta katika kijiji kimoja watu ambao wanaume wao wakipata jaraha kubwa damu haikomi mpaka wafe. Alielezwa khabari za mtoto aliyesuguliwa ufizi kwa mkono tu, damu ikatoka mpaka akafariki. Abul-Qasim aliyaandika hayo yote kwa uangalifu, kisha akasema kuwa jambo hili hakuliona mahali pengine, wala hakulisoma kwa yeyote katika waliotangulia, wala hajui sababu yake. Leo matabibu wayajua maradhi haya. Ni ya kurithiwa, damu hukosa kile kiigandishacho, na humpata zaidi mwanamume kwa kupitia kwa mama. Maelezo yake ni miongoni mwa ya kale kabisa yaliyoandikwa juu yake. Lau angaliona haya kusema kuwa hajui, akatunga sababu ya uongo, tungalirithi uongo. Kwa kuwa alisema kweli, tumerithi ilimu.

Karibu na mwaka 1000, baada ya ile miaka khamsini, alikamilisha kitabu chake kikubwa, At-Tasrif. Jina lake lote laonyesha kuwa kimekusudiwa yule asiyeweza kujikusanyia vitabu vingi, nacho kina makala thelathini. Nyingi katika hizo ni za maradhi na dawa, na ya mwisho ni ya tiba ya mkono. Aliigawanya makala hii milango mitatu: kuchoma kwa chuma, kupasua na mambo ya majaraha, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora sura za vyombo kiasi cha mia mbili, ili mwanafunzi aliye mbali ampelekee fundi chuma na kutengenezewa. Anawasemeza wanafunzi wake kama wanawe wa kuzaa, na kila panapo khatari huwatahadharisha wasitamani mali wala sifa wakajitia katika wasiloliweza.

Siku zake za mwisho zilikuwa siku za fitina. Kuanzia mwaka 1009 Waislamu wa Kurtuba walipigana wao kwa wao, na katika misukosuko hiyo mji wa Az-Zahra uliporwa na kubomolewa. Yeye alifariki karibu na mwaka 1013. Mji uliompa jina ulianguka kabla haujatimiza miaka mia, nacho kitabu kikabaki. Mwanachuoni mkubwa Ibn Hazm, aliyekuwa kijana wa Kurtuba katika zama hizo, alikisifu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na tangu hapo wapasuaji wa Ulaya waliitegemea kwa karne nyingi. Ilichapwa Venice mwaka 1497. Mturuki Sharafuddin Sabuncuoğlu naye aliutegemea ujuzi wake katika kitabu chake cha upasuaji cha mwaka 1465.

Wenzetu basi walifanya nini nacho? Walikifasiri, wakakisoma, wakakijaribu, wakayaacha yaliyopitwa na kuyazidisha yaliyo sahihi. Na hivyo ndivyo alivyotaka mwenyewe. Sisi tukabaki na jina. Wanavyuoni wetu wameihisabu ilimu ya tiba katika faradhi za kifaya, ambazo asipopatikana wa kuzisimamia mji mzima huwa na dhambi. Imam Ghazali alipata kuwalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia wote katika ilimu za ugomvi na kuiacha tiba haina watu. Lawama ile bado haijatuondokea.

Wala tusifahamiwe vibaya. Hatusemi watu warudie vyuma vya moto, wala mtu yeyote asithubutu kurudisha matumbo ya mwenziwe au kumeza sifongo kwa sababu amesoma hapa. Leo yajulikana kuwa kitu kilichochoma na kubaki mwilini haking'olewi njiani, huachwa mpaka hospitali. Matumbo yaliyotoka hufunikwa kwa kitambaa safi chenye maji wala hayasukumwi ndani. Mwenye mwiba ulionasa hupelekwa kwa tabibu. Na mguu uliovunjika hutulizwa bila ya kukazwa mno. Kumfuata Az-Zahrawi si kufanya alivyofanya mwaka 1000, bali ni kujifunza kama alivyojifunza, mpaka kufa.

Kwa hivyo sisi tumeanza na nafsi zetu. Tulimwendea mama yule nyumbani kwake, tukamwomba radhi kwa kusimama kwetu siku ile, na tukamwomba atufundishe. Kwanza alicheka, akadhani twamfanyia mzaha. Sheikh mwenye ndevu za mvi aje kusoma kwake! Kisha alipoona kuwa twakusudia, alitandika jamvi, akatukunjia kanga, akatupa mkono wake tuukandamize, na alipoona twakandamiza kwa haya akatukemea. Sasa kila Alkhamisi baada ya Magharibi vijana wa darasa letu wajifunza mambo haya kwa mtu aliyesomea kazi hiyo, na akina mama wana darasa lao kwa mama yule. Twawanasihi ndugu zetu katika kila mtaa wafanye kama hayo. Muda wa damu kumwisha mtu hauzidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na atakayekuwa karibu si tabibu, ni wewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim, na atujaalie tuwe wenye kuitumia ilimu, tusiwe wenye kuisifu tu. Amin.